Subiri Uso Utue

Kabla hajampiga mtu picha, baba yangu humsalimia, humuuliza habari za kazi, huvuta muda hadi ukadhani amesahau alichojia. Kamera huwa imening'inia kifuani kama haihusiki. Nimemwona akifanya hivyo tangu sijaanza shule, na mwezi wa sita nilimwona tena, sasa ana miaka 79, amesimama kando ya barabara pale Michungwani, kabla ya kufika Segera, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa.

"Shikamoo mzee," yule mama alisema.

"Marahaba mama, hujambo? Mwaka huu yameitika?"

"Yameitika, ila bei ndiyo hiyo, mzee wangu. Wachuuzi wanatulalia."

Baba alinunua fungu moja, akamenyewa chungwa, akalila palepale akiwa amesimama. Kisha akaeleza kwamba kazi yake ya miaka mingi ilikuwa ya studio, na akauliza kama angeruhusiwa kupiga picha moja. Mama akacheka, akasema ngoja kwanza. Akafunga kanga upya. Akapanga machungwa yake yakasimama kama kichuguu, akalifuta lile la juu, akakaa wima kwenye kigoda na kukaza uso kama tunavyoukaza wote mbele ya kamera. Mwanangu mkubwa alikuwa keshapiga nne kwa simu, na sasa alinitazama kwa macho ya kuuliza babu anangoja nini.

Babu aliinua kamera, akachungulia, akaishusha. "Mchungwa mmoja unazaa miaka mingapi, mama, kabla haujachoka?" Yule mama akaanza kujibu. Akageuza kichwa kuelekea shambani nyuma ya banda, mkono ukaenda wenyewe kwenye chungwa la juu, akawa anahesabu, na hapo katikati ya hesabu kamera ikapanda na kulia mara moja.

Mara moja tu. Baba akashukuru, akaomba jina na namba ya simu, akamwahidi kwamba picha yake itamfikia. Garini alimwambia mjukuu wake: "Nilikuwa nasubiri uso utue."

Hilo ni neno lake la kazi. Mtu akiona kamera uso wake huchafuka kama maji ya mto uliyoyateka kwa pupa. Fundi asiyejua huyanywa hivyohivyo. Fundi anayejua huuweka mtungi chini, akapiga soga, taka zikatua zenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba yangu anapenda maneno. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yale maneno ndiyo yaliyokuwa kazi, na kitufe kilikuwa hitimisho lake.

Baba anaishi nasi Kimara tangu mama alipofariki. Hakupenda kuja. Alikubali kwa sharti la kuja na sanduku lake la bati, na ndani yake mlikuwa na kamera mbili, mikebe ya negativu, na tasbihi iliyofifia rangi. Kwa miezi mingi sanduku lilikaa chini ya kitanda. Kisha kifungua mimba wangu, mwenye miaka 14, akauliza kamera ile inachajiwa wapi, na babu yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Safari zetu zilianzia hapo: Jumamosi moja Bagamoyo, nyingine Kisarawe, na likizo hii ya mwezi wa sita, Lushoto.

Mkanda wa kamera siku hizi hauuzwi kila kona. Huu tuliuagiza nje, mweusi na mweupe, wa pozi 36, na bei yake ingelisha nyumba kwa siku kadhaa. Babu aliugawa kabla hatujatoka getini: picha 12 zake, 12 za kijana, 12 za kitinda mimba, mwenye miaka minane. Mimi nilikuwa dereva. Nilidhani ameigawa hesabu tu, kumbe kwake 12 ni kipimo cha zamani. Kamera yake ya studio ilikuwa Yashica ya macho mawili, na mkanda wake ulitoa picha 12 za mraba. Miaka zaidi ya 20 aliishi akihesabu watu kwa dazani: harusi dazani mbili, ubatizo nusu dazani, na picha ya pasipoti moja, kwa hiyo lazima itoke.

Naomba nikae kidogo kwenye ile Yashica, maana ndiyo iliyomfunza adabu. Kamera ya macho mawili unaishikilia tumboni na kuchungulia kwa juu. Fundi huinamisha kichwa kuipanga picha, na kila anayemtazama huona kama anainamiwa. Akiinua kichwa, uso wake u wazi. Hakuna chuma kati yake na aliyeketi. Anaweza kumtania, kumuuliza habari za mwanawe aliyeko Dodoma, huku kidole kikiwa tayari pale chini. Alipokuja kununua kamera ya pili, Pentax K1000, aliyoipata mwaka 1984 kwa baharia mmoja bandarini Tanga, ilimlazimu kuiweka jichoni, na hakuipenda tabia hiyo. Hadi leo huipanga picha, akaishusha, akaongea uso kwa uso, na kuirudisha jichoni kwa nukta ile tu anayoitaka. Ukimtazama bila kujua utadhani anasitasita.

Studio ilikuwa Ngamiani, barabara ya nane, chumba kimoja cha mbele na kijichumba cha nyuma kisicho na dirisha. Mbele palikuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua, kiti kimoja, na kioo cha kuchania nywele chenye kitana kilichofungwa kamba. Siku za Idi foleni ilifika barabarani, watoto katika nguo zinazonukia duka, baba zao wakiwakataza kukaa chini. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika shuka jeupe.

Kijichumba cha nyuma ndicho nilichokipenda. Taa nyekundu, na sinia tatu juu ya meza. Dawa ya kwanza huitoa picha, ya pili huisimamisha, ya tatu huifunga isifutike. Karatasi huingia tupu. Unaitikisa taratibu kwa kuinua pembe ya sinia na kuishusha, na baada ya kitambo kivuli cha nywele hutokea kwanza, kisha macho, kisha mengine yote yanakuja kwa haraka kama mtu anayejitokeza kwenye ukungu. Baba hakutumia saa. Alitumia tasbihi. Ilikuwa ya punje 99, na mzunguko mmoja kwa mwendo wake ulikuwa kiasi cha dakika moja na nusu, muda unaoitosha karatasi ndani ya dawa ya kwanza. Gizani hakuhitaji kuona chochote. Kidole gumba kilisogeza punje, mkono wa pili ukatikisa sinia. Sijawahi kumsikia akisema kama ilikuwa hesabu au dhikri, wala sikuwahi kumuuliza. Nilisimama kimya nikisikia punje zikigongana.

Kusafisha mkanda wenyewe kulikuwa na shida nyingine, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Maelezo kwenye pakiti za dawa yaliandikwa kwa watu wa nchi za baridi: maji yawe nyuzi 20. Maji ya bomba Tanga mwezi wa pili unaweza karibu kuogeshea mtoto mchanga. Dawa ikiwa ya moto kazi huenda mbio, picha zinakolea kupita kiasi, na ule utando wa mkanda hulainika, ukiugusa kwa ukucha unachubuka. Kwa hiyo alfajiri baba alikwenda kwa wauza samaki na kununua bonge la barafu, akalifunga gunia, akalileta kwa baiskeli. Alilivunjia kwenye beseni, akalaza chupa za dawa humo, akatumbukiza kipimajoto na kukaa kando yake. Barafu haikugusa dawa. Ilipoza maji yaliyoizunguka. Ikishuka chini ya 20, alisubiri ipande. Ikipanda, aliongeza kipande. Wakati mwingine ilimchukua saa nzima kupata joto la kazi ya dakika kumi. Hakuna mteja aliyewahi kujua. Bibi harusi aliona picha yake haina kasoro, akalipa, akaenda.

Ufundi huu pwani yetu una ukoo mrefu. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaipokea kazi. Mombasa palikuwa na N. V. Parekh, ambaye wapenzi na maharusi walimwendea wakitaka kuonekana kama nyota wa sinema. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe na kujulikana kwa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Baba aliwasikia hao wote kwa fundi wa Kihindi aliyemfundisha, jinsi mshoni anavyosikia habari za washoni. Lakini ukutani mwa studio alibandika mtu mmoja tu, kipande cha gazeti chenye picha ya Mohamed Amin. Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo hapo Dar akaanzisha Camerapix mwaka 1963. Ni kamera yake iliyoionyesha dunia njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimng'oa mkono wa kushoto, na akarudi kazini na mkono wa bandia. Baba alipolisoma lile gazeti alinyamaza, kisha akajaribu kuingiza mkanda kwenye Pentax kwa mkono mmoja. Alijaribu jioni nzima. Alikuwa anataka kujua kazi ile ilimgharimu mwenzake nini.

Ninapomsifu baba yangu watu hudhani nasifu mambo ya kale. Hapana. Simu anaishika na anaipenda. Siku moja nilikuwa nachambua mchicha jikoni, akanikuta na simu yangu mezani, akaichukua, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Aliongea nami kuhusu bei ya nazi hadi nikamaliza fungu la pili. Picha aliyopiga ni moja, na ndiyo picha pekee ndani ya simu ile ambayo mikono yangu inaonekana kama mikono ya mama yangu. Kamera ni kamera, anasema. Swali ni umekaa na mtu muda gani.

Jambo jingine alilolijua kabla ya wengi ni ngozi yetu. Nilipoanza kazi, ofisi moja ilinipiga picha ya kitambulisho mbele ya ukuta mweupe, ikatoka nina meno na macho, uso wote giza. Niliona aibu, nikadhani kosa ni langu, kwa weusi wangu. Baba aliitazama kwa muda, akaniambia nioshe uso, nije studio. Akaweka kiti mlangoni, upande wa baraza, nje ya jua. Akaniambia nishike shuka jeupe mwenyewe upande wa kushoto, kama nilivyowashikia wengine utotoni, ili mwanga wa barazani urudi shavuni. Ngozi nyeusi, alinieleza akinipanga, inapokea mwanga kwa kung'aa. Ukiichoma na flashi usoni inakupa doa jeupe na giza, ukiipa mwanga mpana wa kando inakupa rangi zote ilizonazo, za kahawa, za udongo, za zambarau kidogo penye kope.

Na kamera nayo hupotea. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kudhani kwamba kila kinachokiona, ukikichanganya chote, ni kijivu cha wastani. Ukiiweka mbele ya ukuta mweupe hudhani mwanga umezidi, ikaubana, na anayebanwa ni mtu aliyesimama mbele ya ukuta. Dawa ya baba ni kupima kwenye majani. Nyasi mbichi zilizo kwenye mwanga uleule wa mtu huwa karibu sana na kile kijivu. Huinamisha Pentax ardhini, akasubiri sindano isimame katikati, akafunga vipimo vyake, kisha akauinulia uso na kutoijali tena sindano hata ikiruka. Watoto wangu wameshaijua desturi hiyo. Popote tuliposimama, kwanza walitafuta nyasi.

Filamu za rangi zilikuwa na kosa lao kubwa zaidi. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Zikaitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba miongoni mwa waliosababisha filamu hizo zirekebishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, walioona bidhaa zao hazitoki sawasawa. Nilipomsimulia baba hakukasirika kama mimi. Alisema yeye alijua tu kwamba filamu ya rangi haikutengenezwa huku, kwa hiyo aliisaidia. Mimi bado nimekasirika. Ni watoto wangapi wametazama picha zao za shule wakadhani kosa ni sura zao?

Garini babu aliendesha darasa lake. Alikataa watoto watazame mbingu. Alitaka watazame kivuli ardhini, maana mawingu hudanganya na kivuli hakidanganyi.

"Kivuli kina ukingo kama kilichokatwa kwa mkasi?"

"Kumi na sita!"

"Ukingo umelegea?"

"Kumi na moja!"

"Kivuli hukioni, lakini kumeng'aa?"

"Nane!"

"Umesimama kivulini?"

"Tano nukta sita!"

Hayo ni matundu ya lenzi, na kasi ya mlango wa kamera unaipata kwenye namba ya mkanda wenyewe: mkanda wa 400 unatumia 500, iliyo karibu nayo. Ni kanuni iliyokuwa ikichapwa kwenye maboksi ya filamu. Wanangu waliiimba kutoka Mlandizi hadi Chalinze, na tulipovuka daraja jipya la Wami kitinda mimba aliiimba peke yake huku akipiga picha ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, zote za mto, zote kupitia kioo cha gari linalokwenda.

Zikamwishia hapo, na Lushoto bado mbali. Alilia. Nilimwonea huruma, nikataka babu amgawie mbili zake, akakataa kwa upole ambao sikuwahi kuwa nao mimi kama mzazi. Alifungua daftari la shule, akampa penseli. "Sasa wewe ni karani wa safari. Kila picha tutakayopiga utaandika namba, mahali, jina la mtu, mwanga. Picha isiyo na jina ni yatima." Akakubali, machozi hayajakauka. Mwandiko wake wa siku ile ninao hapa: *Na. 17. Michungwani. Mama wa machungwa. Kivuli cha banda. 125, 8.* Jina la yule mama ameliandika pia, kwa herufi kubwa, nami nimeliacha humo daftarini linakostahili kukaa.

Korogwe na mashamba yake ya mkonge tuliyapita haraka, jua likiwa utosini, na jua la utosini babu halitaki hata kulisikia. Linachimba mashimo machoni mwa watu. Kutoka Mombo barabara inapanda milima ya Usambara kwa kona juu ya kona, kilomita 33 hivi hadi Lushoto. Pale Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana barabarani, kijana wangu aliomba tusimame. Alikuwa bado na picha saba. Nilimwona akiinamisha kamera kwenye nyasi. Kisha badala ya maporomoko akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa amepumzisha baiskeli yenye mzigo wa kabichi, akasema shikamoo, akauliza habari za mlima. Waliongea. Sikusikia maneno. Nilibaki nimeshika usukani na gari limezimwa, nikiona mwanangu, ambaye nyumbani hunijibu kwa neno moja moja, akimsikiliza mtu mzima kwa kichwa chake chote. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Babu hakugeuka hata kumtazama; alikuwa anamenya chungwa.

Irente tulifika saa kumi jioni. Pale jabali linakatika ghafla na bonde liko chini mno, Mazinde na nyika iliyonyooka hadi macho yanachoka. Siku ile hatukuona chochote. Wingu lilikuwa limepanda kutoka bondeni na kuziba kila kitu. Ungeweza kudhani umesimama mbele ya ukuta. Wageni wengine walipiga selfi na weupe ule, wakaondoka. Babu akatafuta jiwe, akakaa, akafunga vifungo vya koti. Karani akaambiwa aandike mwanga kila baada ya dakika kumi. Alifanya kazi yake kwa uaminifu:

*10:40 nyeupe. 10:50 nyeupe. 11:00 nyeupe. 11:10 nyeupe ila baridi. 11:20 kijivu. 11:30 kijivu, ndege wamelia. 11:40 nyeupe tena. 11:50 manjano kidogo chini.*

Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama wima. Halichelewi kuaga kama linavyochelewa kwa wenzetu wa mbali. Ukiuona mwanga mzuri wa jioni, una dakika chache. Saa kumi na mbili na dakika tano wingu lilipasuka upande wa magharibi, mstari mmoja kama mlango ulioachwa wazi, na nuru ya rangi ya asali ikaja mlalo juu ya jabali lote. Bonde likatokea kwa vipande. Watoto wakapiga kelele. Nikatoa simu kama kawaida, nikarudi nyuma ili niwapate wote watatu.

"Wewe," baba aliniita. "Weka hiyo simu. Simama hapo."

Nikakataa. Nilikuwa nimeendesha tangu alfajiri, mtandio umepinda, macho mekundu. Nikaanza kujipanga. Nikaukaza uso, bila shaka, kama mama wa Michungwani. Baba akaishusha kamera. Nuru ile ya dakika chache inapungua, bonde lote liko wazi nyuma yangu, naye ameshusha kamera na kuniuliza: "Mama yako aliwahi kukwambia siku uliyozaliwa ilikuwa saa ngapi?"

Sikuwahi kuambiwa. Nilitaka kusema hapana, na sijui uso wangu ulifanya nini. Kamera ikalia.

Nimepekua simu yangu tangu hapo. Miaka 14 ya kulea, picha maelfu: siku za kuzaliwa, homa, meno yaliyong'oka, safari zote hizi. Mimi simo. Nipo kama kivuli kwenye mchanga wa Bagamoyo na kama kidole kilichoziba lenzi. Mama wa nyumba wengi watakaposoma hapa watakwenda kupekua za kwao, na najua watakachokikuta.

Tulirudi kupitia Tanga, kwa ombi lake. Studio sasa ni kibanda cha kutuma na kupokea pesa. Kijana aliyekuwa ndani alimwamkia, akamuuliza anatoa au anaweka. Baba akasema anapita tu. Alisimama mlangoni, pale kiti kilipokuwa, akaunyoosha mkono wake kwenye mwanga wa baraza, kiganja juu, kisha chini, kama mtu anayepima kitambaa. "Bado uko," akasema, akarudi garini.

Mkanda tuliusafishia bafuni kwetu Kimara, Jumapili usiku, taa za nyumba nzima zimezimwa. Kijana aliuzungusha kwenye mhimili wake gizani, ndani ya blanketi zito, jasho likimtoka, babu akimwelekeza kwa sauti tu. Barafu ilitoka kwenye friji, ikavunjiwa kwenye ndoo. Kipimajoto kilisoma 23, tukasubiri. Kikasoma 21, tukasubiri. Kiliposoma 20 babu alimimina dawa, akafunga kopo, akalikabidhi kwa kijana alitikise, na tasbihi akampa kitinda mimba. Alisogeza punje kwa midomo inayocheza, macho ameyafumba kabisa ingawa kopo lilikuwa limefungwa na taa ilikuwa imeshawashwa. Babu hakumwambia.

Picha 36 zilitundikwa kwa vibanio vya nguo juu ya beseni. Tatu za Wami hazionyeshi kitu zaidi ya mistari. Mzee wa kabichi ametua. Mimi pia nimetua, mtandio umepinda, na sikufahamu kwamba nina uso ule. Tulizipeleka zikachapwe kwa fundi wa mtaani, na kila moja babu aliiandika nyuma jina, mahali na tarehe, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hupenya karatasi na kuja mbele baada ya miaka.

Namba 17 ilichapwa mbili. Moja iko kwenye albamu. Nyingine babu aliitia kwenye bahasha ngumu pamoja na kipande cha kadibodi, akaipeleka mwenyewe stendi ya Mbezi na kumpa kondakta wa basi la Tanga. Jumatano saa nne asubuhi simu yake iliita. Ilikuwa Michungwani. Bahasha imefika.